Faili Ikikataa Kufunguka, Haijafa

Wasee, wiki hii sina video. Nimeamua kuandika, kwa sababu stori hii ukiibana kwa sekunde 60 utaiharibu. Ni stori ya sauti za gemu tulizocheza tukiwa wadogo hapa Garissa, na ya sauti moja ambayo si ya gemu kabisa, ambayo nusura niifute kwa mkono wangu mwenyewe.

Wanaonijua wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo tuiache. Nilirudi nyumbani na laptopu moja nikaanza kutengeneza video za gemu za zamani. Mwaka jana nilitaka kufanya video kuhusu kibanda cha gemu cha pale karibu na Suqa Mugdi, ambako watoto wa rika langu tulimalizia pesa ya maandazi. Shilingi 10, mechi moja. Feni moja, watoto ishirini, na joto la Garissa unalijua. Ukifungwa unaamka, mwingine anakaa, na hakuna kulia.

Kibanda kilifungwa kitambo. Lakini mwenyewe alikuwa bado na diski ya kompyuta yake ya zamani, ile ya PES 6. Nilipomwambia shida yangu akacheka, akaingia ndani, akanitolea. "Chukua, kijana. Hapa inashika vumbi tu."

Nilichotaka humo ni mziki wa menyu. Ule unaopiga mkichagua timu, mmoja anasema "mimi ndio Brazil" na mwingine anasema "wallahi leo Brazil ni yangu." Nilijua nikiuweka chini ya video, kila mtu aliyekulia huku atasimama.

Nikafungua folda ya gemu. Ndani kulikuwa na folda inaitwa dat, na ndani yake faili kubwa inaitwa 0_sound.afs. Nikaiburuta hadi kwa programu yangu ya mziki. Ikakataa: fomati haitambuliki. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya, nikabadilisha jina iishie na .mp3. Kimya. Nikajaribu .wav. Kimya tena.

Hapo ndipo nilijifunza kitu cha kwanza. Jina la faili ni stika tu. Tuktuk ukiibandika nembo ya Prado, bado ni tuktuk.

KWA NINI GEMU HAZIKUTUMIA MP3

Nilikasirika kwanza. Kwa nini hawa watu wa gemu hawakuweka MP3 kama watu wengine? Nikaanza kusoma, na nikagundua walikuwa na sababu nzuri.

Rudi hadi 1990, Japani. Nintendo inatoa mashine yake ya Super Famicom. Chipu yake ya sauti ilitoka Sony, na mhandisi aliyekuwa nyuma yake ni Ken Kutaragi, yule yule ambaye baadaye ataitwa baba wa PlayStation. Chipu hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Sio mega, ni kilo. Picha moja unayotuma WhatsApp leo inaijaza na kumwagika. Ndani ya nafasi hiyo ilibidi uingize ala zote, noti zote, mlio wa ngumi na mlio wa kuruka.

Desemba 1994 PlayStation ikatoka. Kumbukumbu ya sauti ikawa kilobaiti 512, njia za sauti 24. Machi 2000 ikaja PlayStation 2: megabaiti 2, njia 48. Bado ni kidogo. Na hapo kumbuka processa ina kazi nyingine. Inachora uwanja, inakimbiza wachezaji 22, inamfikiria refa. Kufungua MP3 kunakula nguvu. Tena MP3 huongeza kaukimya kadogo mwanzoni na mwishoni, kwa hivyo ukitaka mziki uzunguke bila kukatika, utasikia kamruko kila ukirudi mwanzo.

Kwa hivyo wakatumia njia nyingine, inaitwa ADPCM. Nitakueleza kwa lugha ya soko la mifugo. Wewe na dalali mnaongea bei ya mbuzi. Hamtaji bei nzima kila mara. Mmoja anasema "ongeza mia mbili," mwingine anasema "toa hamsini." Aliyekuwepo tangu mwanzo anajua bei imefika wapi. ADPCM inafanya hivyo kwa sauti. Badala ya kuandika kila pointi ya wimbi kwa biti 16, inaandika tofauti tu, kwa biti 4. Kwenye PlayStation, baiti 16 zinabeba pointi 28 za sauti, ambazo zingekula baiti 56 zikiandikwa nzima. Nafasi imepungua zaidi ya mara tatu, na chipu inafungua bila kutoa jasho.

Lakini unaona shida? Aliyefika sokoni katikati ya mazungumzo, akisikia "ongeza mia, toa hamsini," hajui mbuzi ni wa ngapi. Programu ya kawaida ya mziki ni huyo mtu aliyechelewa.

Tena kila kampuni ilikuwa na dalali wake. Sony walikuwa na faili za VAG. Kampuni ya Kijapani inaitwa CRI ikatengeneza ADX, ambayo ilitumika sana kwenye Dreamcast ya Sega iliyotoka 1998, na ndiyo Konami waliitumia kwenye PES. Wengine walitengeneza fomati za gemu moja tu, wakatoa gemu, wakafunga ofisi, wakaenda. Hakuna aliyewaza kuwa miaka 20 baadaye kuna kijana Garissa atataka kusikiliza mziki wa menyu peke yake.

WATU WALIOKATAA

Sasa, sauti hizi zingepotea zote kama si watu wachache ambao hawakulipwa na mtu.

Mwaka 1997 ilitoka programu ya mziki inaitwa Winamp, kazi ya Justin Frankel na Dmitry Boldyrev. Ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na mlango mmoja wa ajabu: ilikubali plagini. Yaani kama Winamp haijui fomati fulani, mtu yeyote mwenye akili ya kuandika kodi anaweza kutengeneza kipande kidogo, ukakitia kwenye folda ya Plugins, na Winamp ikajua kuisoma. Mwaka 2002 Peter Pawłowski, aliyewahi kufanya kazi na hiyo kampuni ya Winamp, akatoa foobar2000, nayo inakubali vipande vya nje.

Kupitia mlango huo watu wakaanza kuingiza sauti za gemu. Mwaka 2003 Neill Corlett alitoa fomati inaitwa PSF, ya mziki wa PlayStation. Cheki alivyofanya: faili ya PSF mara nyingi haina sauti iliyorekodiwa. Ina ile programu yenyewe ya gemu inayopiga mziki, pamoja na noti na ala zake. Ukibonyeza, plagini inajifanya PlayStation ndani ya kompyuta yako na kuupiga mziki upya. Hukuhifadhiwa wimbo, umehifadhiwa mwimbaji.

Halafu kuna vgmstream. Huu ni mradi wa watu wa kujitolea, na kodi yake iko wazi. Kazi yake ni moja: kusoma fomati za sauti za gemu, na inajua mamia. Kila moja ya hizo mamia kuna mtu alikaa usiku anaangalia baiti hadi akaelewa. Nikisoma orodha ya mabadiliko yao huwa najisikia vibaya kwa kuwa na hasira na faili moja.

JINSI YA KUULIZA FAILI WEWE NI NANI

Kwa wale mnaotaka kujaribu nyumbani, hii ndiyo njia niliyofuata. Nimeipanga vile ningependa mtu angenipangia mimi.

Kwanza, usiamini jina. Fungua faili kwa programu inayoonyesha baiti zake bila kujaribu kuzicheza. Mimi natumia HxD, ni ya bure. Angalia mwanzo kabisa. Faili nyingi zina saini. WAV huanza na RIFF. Ogg huanza na OggS. VAG ya Sony ina VAGp. ADX huanza na baiti 80 00, na mbele kidogo utaona (c)CRI. Ile faili yangu kubwa ilianza na AFS, na hapo nikaelewa. AFS sio wimbo, ni gunia. Ndani yake kuna faili nyingi za ADX. Nilikuwa nalazimisha programu ilambe gunia badala ya kula sukari.

Pili, angalia umri wa plagini. Ukidaunlodi vgmstream ya miaka kumi iliyopita, fomati zilizoongezwa juzi haitazijua. Pia kama una foobar2000 ya biti 64, kipande kilichotengenezwa kwa biti 32 peke yake hakitaingia. Nilipoteza jioni nzima hapo.

Tatu, angalia kama plagini mbili zinapigania faili moja. Gemu nyingi hutumia jina kama .wav au .ogg kwa vitu vyenye umbo tofauti ndani. Programu inawahi kusema "hii naijua," inakosea, na vgmstream haipati nafasi. Ndiyo maana wenyewe wanashauri uongeze herufi moja, .wav iwe .lwav, .ogg iwe .logg, ndio faili ifike kwa mwenye kazi. Hapa tunabadilisha jina, ndiyo, lakini tukijua kwa nini.

Nne, tafuta ndugu yake. Kuna faili ambazo hazitembei peke yake. Faili ya minipsf bila psflib yake haipigi kitu, kwa sababu ala ziko kwa ile nyingine. Ukikopi moja na kuacha nyingine umekopi nusu ya mtu.

Tano, uliza kama imefungwa na ufunguo. GTA San Andreas ya kompyuta, ya 2005, ina faili za redio ambazo hazina hata kiambishi cha jina. Ndani ni Ogg ya kawaida tu, lakini kila baiti imefunikwa kwa ufunguo wa baiti 16 unaorudiwa rudiwa. Ukiutoa huo ufunguo, redio inaongea. Kwa fomati nyingine, vgmstream inakuruhusu kuweka faili ndogo ya ufunguo kando ya ile ya sauti.

Sita, kama haina saini kabisa, msaidie msomaji. Kwa vgmstream unaweza kuandika faili ndogo ya maandishi inaitwa TXTH. Ndani unaeleza: kodeki ni hii, njia ni mbili, pointi kwa sekunde ni kadhaa, sauti inaanzia baiti fulani. Ukikosea kodeki utasikia kelele kama mvua juu ya mabati. Ukikosea kasi, mtangazaji ataongea kama panya au kama jini. Unarekebisha, unasikiliza, unarekebisha tena.

Nilipofungua lile gunia la AFS na kuburuta ADX ya kwanza hadi kwa foobar2000, ilikuwa saa nane usiku. Mziki wa menyu ukaanza. Ukazunguka mara mbili na kuzimika polepole, kwa sababu ndivyo plagini imepangwa, la sivyo ungezunguka hadi Kiyama. Mimi nilikuwa nimekaa gizani nacheka peke yangu. Nikasikia harufu ya kile kibanda.

Ile video ilifanya vizuri, asanteni. Nilidhani stori imeishia hapo.

FILE0021.CHK

Wiki mbili baadaye hooyo akaniambia, "Wewe si unafufua vitu vilivyokufa? Chukua hii." Akanipa memori kadi ndogo, ile ya simu za zamani. Ilikuwa ya abti, kaka yake mdogo. Alikuwa nayo kwenye Nokia yake 2008, mwaka alioa. Hooyo anakumbuka kuwa usiku wa harusi abti alirekodi ayeeyo akisema buraanbur.

Kwa msiojua, buraanbur ni ushairi wa wanawake wa Kisomali. Mmoja anasema, wengine wanaitikia kwa makofi na ngoma, na kwenye harusi ndio kiungo chenyewe. Ayeeyo alikuwa anaujua sana. Alifariki 2016. Picha yake tunayo moja, ya kitambulisho. Sauti yake hatukuwa nayo.

Kadi ilikuwa imeshapelekwa kwa fundi wa simu miaka hiyo. Aliitia kwenye kompyuta, kompyuta ikasema ina makosa, akairuhusu irekebishe, halafu akamwambia abti imekufa, anunue nyingine. Abti akaitupa kwa droo. Alhamdulillahi hakuitupa nje.

Nikaiweka kwa laptopu. Folda za kawaida zilikuwa tupu. Lakini kulikuwa na folda iliyofichwa inaitwa FOUND.000. Windows ikirekebisha diski iliyoharibika, vipande vya data ambavyo imevipata bila kujua ni vya nani hutupwa humo, vinapewa namba. FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Vilikuwa 34. Hakuna kilichofunguka. Nilichagua vyote, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta, nianze upya na programu ya kutafuta faili zilizopotea. Halafu nikajiuliza: wewe ni yule yule uliyekuwa unaandika kuhusu stika na tuktuk?

Nikavifungua kwa HxD, kimoja kimoja. Vingi vilikuwa picha na vipande vya picha. Cha ishirini na moja kilianza hivi: #!AMR.

AMR ni fomati ya sauti ya simu. Ilikubaliwa kama kiwango cha mitandao ya simu 1999, na simu za miaka ile zikaitumia hata kwa kurekodi. Ni fomati maskini. Inachukua pointi 8,000 tu kwa sekunde, na imetengenezwa ikiwaza koo la mtu anayeongea, sio mziki. Lakini ni nyepesi ajabu. Kwa kiwango chake cha juu, dakika nzima haifiki kilobaiti 100. FILE0021.CHK ilikuwa na kilobaiti 400. Nikapiga hesabu: dakika nne na kidogo.

Nilikopi faili kwanza, hiyo ni sheria, usigusane na asili. Nikabadilisha jina la kopi liishie na .amr. Nikamwita hooyo kabla sijabonyeza.

Mlikuwa na jenereta. Mlikuwa na watoto. Ngoma ilisikika kama mtu anapiga debe, kwa sababu AMR haijui ngoma ni nini. Lakini sauti ya mtu inaijua. Ayeeyo alitoka mle wazi, na ile kukwaruza kwake mwishoni mwa mstari. Hooyo hakulia. Alishika ukingo wa meza akaanza kuitikia, mahali pale pale ambapo wanawake wa 2008 walikuwa wanaitikia.

Katikati ayeeyo aliacha kumsifu bibi harusi na akamgeukia abti. Akamkumbusha kwamba alizaliwa mwaka wa moto, kwamba alibebwa mgongoni akiwa na siku chache, na kwamba kijana aliyetoka kwenye moshi sasa anajenga nyumba. Mimi nilikuwa najua abti alizaliwa 1980. Kitambulisho chake kinasema hivyo. Sikuwa najua mgongo wala moshi.

Novemba 1980, Bulla Karatasi hapa hapa mjini. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilichukua ushahidi kuhusu siku hizo, na ripoti yake ikatoka Mei 2013. Nilisoma shule ya msingi na sekondari mjini humu na sikuwahi kuulizwa swali hata moja kuhusu hilo kwenye mtihani. Niliambiwa na ayeeyo, miaka minane baada ya kufa, kupitia faili isiyo na jina.

SISI NA VYOMBO VYA WENGINE

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria historia ya watu wa huku kwa namna nyingine.

Kaseti ya Philips ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, Agosti 1963. Desemba mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 28, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo letu, lililokuwa likiitwa NFD. Sheria za hali hiyo ziliendelea hadi 1991. Kaseti na hali ya hatari ziliingia kwa maisha ya wazee wetu pamoja. Na Kisomali kilikuwa hakijapata hata maandishi rasmi. Herufi za Kilatini zilikubaliwa Somalia 1972. Kwa hivyo mambo makubwa yalibebwa kwa mdomo, na baadaye kwa kaseti. Mwaka 1979 hadi 1980 washairi wa Somalia, wakiwemo Gaarriye na Hadraawi, walijibizana katika mlolongo wa mashairi unaoitwa Deelley, na kaseti zake zikakopiwa mkono kwa mkono. Familia nazo zilitumiana barua za kaseti, mtu anarekodi salamu upande mmoja na malalamiko upande wa pili.

Mwaka 1988 mji wa Hargeisa ulipopigwa mabomu, kanda nyingi za mziki za Radio Hargeisa zilikuwa zimeokolewa na watu waliozificha, nyingine chini ya ardhi, nyingine zikavushwa Jibuti na Ethiopia. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa baadhi ya nyimbo hizo kwenye albamu iliyoteuliwa kuwania Grammy. Hazina ya kaseti zaidi ya 10,000 iko Hargeisa, kwa wakfu wa utamaduni wa Redsea. Dunia ilishangaa. Mimi ninachoona ni watu wa kawaida waliosema: hii haifi mikononi mwangu.

Kisha kaseti zikaisha. Simu zikaja, nyingi zikipitia Eastleigh, kwenye maduka kama Garissa Lodge. Kila mtu akawa na kinasa sauti mfukoni. Harusi, mawaidha, wazee wakisuluhisha kesi, mama akimtumia mtoto salamu Dadaab: zote ziliingia kwa AMR na fomati nyingine za simu. Kaseti ilikuwa kubwa, unaiona, unaizika, unaichimbua. Memori kadi ni ndogo kama ukucha, na ikisema ina makosa tunaamini.

Na hapa ndipo nina shida na sisi vijana. Fomati ya mziki wa menyu wa PES 6 ina watu wanaoilinda. Wapo, wanabishana kuhusu baiti moja hadi asubuhi. Sauti ya ayeeyo wangu haikuwa na mtu. Gemu zimepata mashabiki waliokataa neno "haitambuliki." Wazee wetu hawajapata, na hakuna mgeni atakayekuja kuifanya kazi hiyo, kwa sababu mgeni hajui kwamba FILE0021 ni ya nani. Hata akiifungua, atasikia mwanamke na debe. Hatajua mwaka wa moto ni mwaka gani.

Usiniambie hujui kompyuta. Mimi sina cheti. Nilichojua nilijifunza nikitafuta mziki wa menyu.

Kwa hivyo naomba vitu vichache. Ile simu ya zamani kwa droo, usiiuze kwa bei ya chuma. Kadi ikisema "futa ili itumike," sema hapana, kopi kila kitu kwanza. Usibadilishe faili kuwa MP3 halafu ukafuta asili. Weka zote mbili. Hifadhi na programu inayoifungua, kwa sababu siku moja hiyo pia itatafutwa. Na muhimu kuliko yote, andika: nani anaongea, wapi, lini, anamwambia nani. Fomati itasomwa na mtu mwenye akili hata miaka 50 ijayo. Jina la ayeeyo wako hakuna plagini itakayolijua usipoliandika wewe.

Buraanbur ya ayeeyo sitaiweka hapa. Hooyo amesema ni ya nyumbani, na neno lake ndilo la mwisho. Iko kwa laptopu yangu, kwa simu ya abti, na kwa diski ya nje iliyo kwa kabati la hooyo, imefungwa ndani ya kitambaa. Faili sasa ina jina refu sana, na jina la kwanza ndani yake ni lake.

Bado kuna vipande 33. Leo usiku stima ikikaa, nafungua cha ishirini na mbili.